Samaki anakula saa ngapi? Tulifungue hili fundo la alfajiri, mchana na usiku

Kila mtu anayeanza kuvua anauliza swali hilohilo, niende saa ngapi? Na kila anayeulizwa anajibu vilevile, nenda alfajiri au nenda jioni jua likizama, basi, maongezi yameisha. Jibu lenyewe sio baya, ukimwambia mtu asiyejua chochote aende muda huo hujamdanganya. Shida inakuja pale anapoamka saa 10 usiku, anafika ukingoni bado giza, anakaa mpaka saa 3 asubuhi boya halijatikisika hata mara moja, anakusanya vitu vyake anaondoka, alafu njiani anapishana na mwenzake ambae ndo kwanza anaenda, na yule mwenzake saa 7 mchana anarudi na ndoo nzito. Hii nimeiona kwa macho yangu zaidi ya mara moja na kwa muda mrefu nilikuwa naiita bahati tu. Siku hizi siiti hivyo. Samaki hana saa ya ukutani, ana njaa, ana macho, ana joto la maji aliyomo na ana hofu ya kuliwa na mkubwa wake, na hivyo vitu vinne vinapanda na kushuka mchana kutwa na usiku kucha, ukivielewa unaweza kukisia muda wake vizuri kabisa bila kukariri "alfajiri na jioni" kama wimbo.

Ila kabla hatujaingia majini naomba tutoe mtego mmoja wa hesabu, maana huu ndo unawapoteza wengi. Ukiuliza wavuvi ishirini samaki wako wa maana ulimpata saa ngapi, wengi watakwambia alfajiri. Sawa, lakini wengi wao huwa wanavua alfajiri! Chukua mtu aliyevua masaa 50 kwa mwezi, masaa 40 ya alfajiri na masaa 10 ya mchana. Alfajiri kapata samaki 20, mchana kapata 5. Huyu atakuapia kwamba alfajiri ni bora mara nne, wakati ukigawanya unakuta ni nusu samaki kwa saa pande zote mbili, hakuna tofauti hata kidogo. Kwa hiyo kuanzia hapa ukisikia mtu anasema muda fulani ni mzuri, muulize na mwingine aliujaribu kiasi gani. Mi binafsi naamini mapambazuko na machweo ni muda mzuri kweli, ila naamini kwa sababu zilizoko majini, sio kwa sababu ya idadi ya hadithi.

Tuanze na mwanga, maana hapa ndipo penye utajiri wote.

Samaki wengi hawana kope za kufumba macho, na mboni zao hazisinyai kwenye jua na kutanuka gizani kama zetu, au zinafanya hivyo kidogo sana. Sasa wanajikingaje na mwanga mkali? Ndani ya jicho kuna seli za aina mbili, za mwanga mkali ambazo zinaona rangi na vitu vidogo, na za mwanga hafifu ambazo zinaona kivulikivuli tu. Kwa samaki wengi hizi seli zinahama kabisa, mchana za mwanga mkali zinakaa mbele na zile za gizani zinajificha nyuma kwenye rangi nyeusi, usiku zinabadilishana. Na hii kazi ya kuhama haimaliziki mara moja kama unavyowasha taa, inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Maana yake ni kwamba kila siku mara mbili, jua likichomoza na likizama, kuna kipindi ambacho samaki mdogo anayetegemea macho ya mchana hayuko mchana na hayuko usiku, anaona vibaya, na ndo muda huohuo analazimika kutoka alikolala kwenda kula au kutoka kulishoni kurudi mafichoni.

Yule anayemwinda anajua. Wawindaji wengi wana macho makubwa, na baadhi yao wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga kama wa paka, kwa hiyo ule utusitusi unaomchanganya mdogo kwake bado ni mwanga wa kutosha. Na kuna jambo jingine la pembe. Mwindaji anapenda kukaa chini aangalie juu. Jioni chini kumeshakuwa cheusi lakini mbingu bado ina mwanga, kwa hiyo dagaa anayepita juu anaonekana kama kitu cheusi kwenye karatasi nyeupe, na yeye dagaa akiangalia chini haoni kitu. Ndo maana ukikaa kimya jioni unasikia maji yanapasuka huku na huku, vidagaa vinaruka kama mchele uliorushwa. Sio kwamba ghafla samaki wote wameona njaa kwa pamoja, ni kwamba kwa dakika chache mchezo umekaa upande wa mwindaji, na mwindaji haachi nafasi hiyo ipite.

Kwenye miamba ya matumbawe jambo hili linaonekana wazi kuliko kokote. Samaki wa mchana wanaingia mashimoni, wa usiku bado hawajatoka, na katikati hapo kuna kimya cha muda mfupi ambapo wanaozunguka ni wawindaji tu, kama mtaa ambao wa zamu ya mchana wameshaondoka na wa zamu ya usiku hawajafika.

Alafu kuna ule mnyororo wa chakula wenyewe kusogea. Viumbe wadogo wanaoelea majini, wale wadogo sana wa kuliwa na dagaa, mchana wanashuka chini gizani wasionekane, jua likizama wanapanda juu kulisha, kukipambazuka wanashuka tena. Kila siku. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia watu wa jeshi la majini la Marekani wanaotumia sona, chombo cha kupima chini ya maji kwa kurusha sauti na kusikiliza inavyorudi, walikuwa wanapata kitu kama sakafu ya bahari kwenye vipimo vyao, mita mia kadhaa chini, mahali ambapo ramani inasema bahari ni ya kina kirefu zaidi ya hapo, na hiyo sakafu usiku ilikuwa inapanda juu! Baadae ndo ikaeleweka kwamba ni viumbe hai, mabilioni kwa mabilioni, sauti inagonga kwenye miili yao na kurudi. Hadi leo huo ndo uhamaji mkubwa kuliko wote duniani ukiupima kwa uzito wa viumbe wanaohama, na unafanyika kila siku. Dagaa anafuata wale, mkubwa anamfuata dagaa, na wewe mwenye ndoano ukikaa kwenye kina kilekile ulichokuwa unavua saa 8 mchana unashangaa mbona sasa hivi wamejaa, kumbe wamepanda wao, wewe hujasogea.

Na huu mwanga wenyewe haushuki taratibu kama tunavyodhani. Jua likiwa utosini na maji yametulia, karibu asilimia 98 ya mwanga wake inazama ndani. Likiwa limeshuka mpaka nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, karibu theluthi nzima ya miale yake inadunda juu ya maji na kurudi angani, haiingii, na ile inayoingia inakwenda mshazari, njia ndefu, inaishia juujuu. Kwa hiyo wewe ukingoni unaona bado kweupe kabisa unaweza hata kusoma gazeti, lakini mita tatu chini samaki ameshaingia magharibi yake zamani. Magharibi ya majini inatangulia ya kwako, na mapambazuko yake yanachelewa. Mtu anayefika ukingoni wakati jua linagusa upeo amechelewa sehemu ya karamu, na yule anayekunja mshipi alfajiri mara tu jua likionekana ameondoka mapema mno.

Hapo niongeze kitu kimoja ambacho makala nyingi za uvuvi haziwaambii wasomaji. Ule muda wa utusitusi haulingani duniani. Karibu na ikweta jua linashuka wima, kutoka linapozama mpaka giza linaanza kuingia vizuri ni dakika ishirini na kitu tu. Ukienda kaskazini au kusini mbali linashuka kwa mshazari, utusitusi unavutika, kiangazi chao unaweza kuzidi hata saa nzima, na ukipita mduara wa Aktiki katikati ya kiangazi hakuna usiku kabisa. Sasa mtu anasoma ushauri ulioandikwa na mvuvi wa huko kwamba masaa mawili ya jioni ndo masaa ya dhahabu, anaupeleka mahali ambapo jioni nzima inaisha kabla hajamaliza kufunga ndoano ya pili, alafu anasema ushauri ni wa uongo. Sio uongo, ila kwake ule muda ni mfupi sana, inabidi awe tayari, chambo kiko kwenye maji na yeye ametulia, kabla haujaanza.

Tukiishia kwenye mwanga tu, basi alfajiri na jioni zingekuwa mapacha. Kinachozitofautisha ni joto, na hapa ndo wengi wanajichanganya.

Mwili wa samaki una joto la maji aliyomo, basi (jodari na jamaa zake wachache wanaweza kutunza joto lao, lakini hao tuwaache). Maji yakiwa ya baridi tumbo lake linasaga polepole, akila leo anaweza asihitaji kula tena kwa muda mrefu, na kukimbiza kitu haoni faida. Kwa makadirio ya jumla kila nyuzi joto 10 zikiongezeka mwili wake unafanya kazi karibu mara mbili, mpaka afike kikomo chake, akipita hapo anaanza kuteseka. Na anateseka kwa sababu ya pili, ambayo ni hewa. Maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Kwenye maji yasiyo na chumvi, yakiwa nyuzi 10 inaingia karibu miligramu 11 kwa lita, nyuzi 20 ni kama 9, nyuzi 30 ni kama 7 na nusu. Yaani palepale ambapo mwili unadai hewa zaidi ndipo maji yana hewa kidogo. Samaki kama trauti wa maji baridi maji yakipita nyuzi 20 anaanza kuelemewa, na hata ukimnasa na kumrudisha anaweza akafa baadae, kwa hiyo wavuvi wenye huruma siku kama hizo wanaacha kabisa kumvua mchana.

Sasa weka hilo kwenye saa. Maji ya juu na ya kando yanakuwa ya baridi kuliko yote pale jua linapochomoza, na ya moto kuliko yote alasiri, kama saa 9 mpaka saa 11 hivi, maana maji yanapokea joto taratibu na kuliachia taratibu. Msimu wa joto, alfajiri inashinda jioni, samaki ametulizwa na usiku mzima wa ubaridi na yuko kando, wakati jioni maji bado yanachemka na wengine hawajapanda. Msimu wa baridi kinyume chake, alfajiri ni saa ya mateso kwa mtu na kwa samaki pia, na muda mzuri unaweza kuwa saa 8 au saa 9 mchana kweupe, kwenye maji mafupi yenye tope jeusi chini ambalo limenyonya jua tangu asubuhi. Nasema hivi nikiwa na uhakika, ukimkuta mtu anavua mchana wa baridi usimcheke, huenda anajua kuliko wewe.

Na kuna alfajiri nyingine mbaya ambayo watu hawaishuku kabisa. Bwawa lenye magugu mengi au maji ya kijani kwa mwani. Mchana mimea ile inatengeneza oksijeni, maji yanajaa hewa mpaka jioni. Usiku hakuna jua, mimea haitengenezi tena ila inaendelea kuitumia, samaki wanaitumia, vinavyooza chini vinaitumia, kwa hiyo hewa inapungua saa baada ya saa na inafika chini kabisa kabla tu ya mapambazuko. Muda uleule unaoambiwa ndo mzuri! Ukifika kwenye bwawa la namna hiyo alfajiri ukaona samaki wako juu wanapumuapumua midomo iko usawa wa maji, hao hawali, hao wanatafuta hewa, waache. Rudi saa 4 asubuhi jua likishafanya kazi, au njoo jioni. Yule niliyemsema mwanzoni aliyepishana na mwenzake, mi ninavyohisi ndo kilichomkuta, maana lile bwawa lilikuwa la kijani kama supu ya mboga.

Mchana sasa. Mchana umesingiziwa sana. Jua kali likiwa juu, maji maangavu, samaki mwindaji hajahama dunia, kashuka chini au kaingia kivulini, chini ya mti uliolalia maji, chini ya gati, pembeni ya magugu, kwenye ukuta wa mwamba. Wewe unasema muda mbaya wakati ukweli ni kina kibaya au sehemu mbaya. Peleka chambo pale penye kivuli na uzito wa chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) wa kutosha kufika chini na utaona. Alafu kuna samaki ambao mchana ndo siku yao, perege kwa mfano, wengine mnamwita sato, huyu anakula zaidi kukiwa na mwanga, usiku mzima tumbo limekaa tupu, kwa hiyo asubuhi jua likishatoka vizuri anaanza na anaendelea, hana haja na utusitusi wako. Ukimwendea perege saa 11 alfajiri gizani unamsubiri mtu ambae hajaamka.

Na mchana wenye mawingu, au wenye upepo wa kukunja maji, ni mchana mwingine kabisa. Mawimbi madogo yanavunja mwanga, samaki anakuwa jasiri, anasogea kando, na hakuoni vizuri. Hili la kukuona ni la kweli kuliko watu wanavyodhani. Samaki anaona nje ya maji kupitia duara lililo juu yake kama dirisha, mwanga unapinda unapoingia, kwa hiyo mtu aliyesimama wima ukingoni anaonekana hata kama yeye hamuoni samaki, na aliyechuchumaa mbali kidogo anapotea kabisa. Maji yakitulia na jua likiwaka hilo dirisha ni kioo safi, upepo ukija kioo kinakwaruzika. Tena upepo ukivuma muda mrefu upande mmoja unasukuma maji ya juu pamoja na vile viumbe vidogo kwenda ukingo wa pili, kwa hiyo ukingo unaopigwa na upepo usoni, ule ambao unakera kukaa, mara nyingi ndo wenye chakula. Asubuhi na jioni angalia pia kivuli chako, jua likiwa chini mgongoni kwako kivuli kinakwenda mita nyingi juu ya maji, na ukitikisa fimbo kinatikisika nacho.

Usiku nao una wenyewe. Kambare ana sharubu, na viungo vya kuonja havipo mdomoni tu, vimesambaa mpaka kwenye sharubu na ngozi ya mwili, kwa hiyo giza kwake sio kizuizi, anaonja njia mpaka kwenye chambo. Mkunga naye anatoka usiku, anawinda kwa pua. Na samaki wote karibu wana ule mstari wa ubavuni unaosikia mtikisiko wa maji, kwa hiyo ukitumia chambo cha bandia usiku tumia kinachotetemesha maji, kivute taratibu, na rangi nyeusi inafanya kazi kuliko inayong'aa kwa sababu anakiona kwa chini dhidi ya mbingu, anaona umbo, rangi haioni. Ukitumia chambo cha kweli, kinachonuka kinashinda kizuri cha kuangalia.

Dagaa na ngisi ni hadithi ya taa. Mwanga wa taa unakusanya viumbe wadogo, dagaa wanakuja, ngisi wanakuja kula dagaa. Hapo ndo giza la mwezi linapokuwa na thamani, maana mbalamwezi ikiwaka eneo lote limeshakuwa na mwanga, taa yako haina mvuto, na wale wadogo wenyewe hawapandi sana juu kwa kuogopa kuonekana. Mwezi mpevu unatoka karibu na jua linapozama na unakaa mpaka asubuhi, kwa hiyo usiku wote umeharibika kwa mwenye taa. Lakini mwezi ukianza kupungua unachelewa kutoka, wastani wa kama dakika 50 kila siku, na ule wa robo ya mwisho unatoka karibu saa 6 usiku, maana yake una nusu ya kwanza ya usiku yenye giza safi. Watu wanaohesabu hivi hawapotezi mafuta. Kwa anayevua samaki wanaowinda kwa macho, bila taa, mbalamwezi inaweza kuwa faida, usiku unakuwa kama jioni ndefu, ila anaweza pia kukuta asubuhi yake imelala kwa sababu wameshiba usiku. Na tafadhali, usiku vaa jaketi la kuokolea, mwambie mtu umeenda wapi na utarudi saa ngapi, usisimame kwenye mwamba wenye mawimbi usiouona vizuri, na ujue kama sheria za maji hayo zinaruhusu kuvua usiku.

Baharini haya yote niliyosema yanakutana na bosi mwingine, kujaa na kupwa. Kwa mtu wa ukingoni baharini, ukinilazimisha nichague kati ya saa nzuri na maji mazuri, nachagua maji. Maji yanayotembea yanabeba chakula, yanafunika sehemu mpya ambazo kaa na funza wa mchangani wamejificha, na yanawatoa vidagaa kwenye vijito pale yanapotoka. Maji yakisimama, yamejaa kabisa au yamepwa kabisa, mara nyingi samaki nao wanasimama.

Na hayatembei kwa kasi moja. Mabaharia wana hesabu ya sehemu 12: katika masaa kama 6 ya kujaa, saa la kwanza inaingia sehemu 1 ya 12, la pili sehemu 2, la tatu 3, la nne 3, la tano 2, la sita 1. Kama tofauti ya maji mahali pako ni mita 3, saa la kwanza yanapanda sentimita 25 tu lakini la tatu na la nne yanapanda sentimita 75 kila moja. Hiyo ni hesabu ya kukadiria, ila inakuonyesha nguvu iko katikati. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakwenda mbali na kwa nguvu, siku za maji mafu, zile za katikati mwezi ukiwa nusu, mwendo unapoa. Bamvua sio lazima iwe bora, kuna sehemu mkondo unakuwa mkali chubwi haishiki chini, hapo maji mafu ndo yanakupa nafasi.

Kutoka kujaa mpaka kujaa ni kama masaa 12 na dakika 25, ndo maana kila siku maji yanachelewa kwa karibu dakika 50. Kwa hiyo ukisema "pale panakula saa 12 asubuhi" unasema kweli ya siku ile, wiki ijayo saa 12 asubuhi maji yako upande mwingine kabisa. Lakini kuna uzuri ndani yake: kwa mahali pamoja, bamvua huwa inajaa karibu saa zilezile za siku mwaka mzima, na maji mafu yanajaa kama masaa 6 tofauti na hapo. Ukishajua kwenu bamvua linajaa saa ngapi, unaweza kujua ni siku zipi za mwezi ile nusu ya mwendo mkali itaangukia jua linapochomoza au kuzama, na hizo siku mbili tatu ndo za kuombea ruhusa kazini.

Sasa hizi kalenda za mwezi, zile programu za simu zinazokwambia leo samaki anakula saa 5 na dakika 12. Asili yake ni Mmarekani John Alden Knight, aliyeanza kulifuatilia wazo hilo mwaka 1926 na majedwali yake yakaanza kutoka mwaka 1936. Anadai kuna vipindi vikubwa viwili mwezi ukiwa juu kabisa na ukiwa upande wa chini wa dunia, na vidogo viwili ukitoka na ukizama. Baharini nakubali ina mantiki kwa sababu mwezi ndo unavuta maji, unaweza ukawa unasoma jedwali la maji bila kujua. Kwenye bwawa dogo ambalo halijai wala halipwi mi sijaona sababu ya kulipangia siku, na ule mtego wa hesabu wa mwanzo unarudi hapa kwa nguvu: mtu akiambiwa saa 5 wanakula, saa 5 atakuwa makini, mkono kwenye mshipi, chambo kipya.

Presha ya hewa hivyohivyo. Watu wanasema presha ikishuka kabla ya mvua samaki wanakula kwa fujo, eti wanaisikia kwenye kibofu cha hewa. Lakini presha ikibadilika hektopaskali 20, ambayo ni hali ya hewa kugeuka kweli, ni sawa na samaki kupanda au kushuka sentimita 20 tu majini, na hilo analifanya mara kibao kwa dakika bila kuumwa. Kula kabla ya mvua nimekuona, nakuamini, ila mawingu yameziba jua, upepo umekunja maji, na hayo mawili tumeshaona yanachofanya.

Kwa hiyo ukiniuliza mi naenda saa ngapi, nakuuliza kwanza unamtaka nani, maji gani, msimu gani. Nikishajibiwa naweza kusema kambare msimu wa joto anza jua likizama endelea usiku, perege kuanzia jua likishatoka mpaka saa 5, kolekole ukingoni baharini maji yakijaa nusu, ikigongana na alfajiri usilale. Alafu nunua daftari dogo. Andika siku, ulianza saa ngapi ukamaliza saa ngapi, mawingu, upepo unatoka wapi, maji yako wapi, umepata nini. Siku uliyokosa andika pia, na masaa yake yote, masaa 4, samaki 0, kwa sababu bila hizo sifuri huwezi kugawanya.